Shajara ya mradi: Jumatano moja ya 1948 ukutani Malaba

Mradi ni bango moja la karatasi ya A2 lenye vichwa vya habari vya magazeti ya siku moja tu, vilivyogeuzwa kwa Kiswahili, na chini ya kila kichwa maelezo mafupi ya kilichotokea kweli. Wasomaji ni madereva wa malori na watu wa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako Kiswahili ndicho lugha ya foleni, na foleni ina muda. Uchapaji unafanyika Nasser Road, Kampala. Msomaji anatakiwa acheke akiwa na chai mkononi, kisha ajue amecheka nini. Hapa tunaandika kilichofanyika, kilichoharibika na sababu yake, ili atakayeshika bango la pili asianze upya.

Wiki ya 1: siku gani?

Masharti yalikuwa matatu: siku iwe na vichwa vitatu au zaidi vya tarehe ileile, ukweli uliofuata usiwe na ubishi, na pasiwe na msiba ndani yake. Sharti la tatu liliondoa Aprili 1912. Yapo magazeti yaliyotangaza kwamba abiria wote wa Titanic wameokolewa. Kwa ukubwa wa kosa hakuna linaloyafikia, ila bango la kuchekea juu ya watu waliozama halibandikwi.

New York Times la Novemba 10, 1919 lilikaribia sana kushinda. Siku hiyo lilieleza vipimo vya kupatwa kwa jua vilivyothibitisha nadharia ya Einstein, kwa mlolongo wa vichwa vidogo vilivyopangwa kama ngazi. Kimojawapo kinasema nyota hazipo pale zilipoonekana kuwapo, lakini hakuna haja ya mtu kuhangaika. Kichwa kinachotangaza mbingu zimehama kisha kinamtuliza msomaji ni lulu. Tatizo ni maelezo: ili mtu acheke, lazima kwanza aelewe mwanga wa nyota kupinda kando ya jua kwa pembe ya sekunde 1.75, na chai inapoa. Tumekiweka akiba.

Iliyobaki ni Jumatano, Novemba 3, 1948, asubuhi iliyofuata uchaguzi wa rais Marekani. Chicago Daily Tribune lilitoka na kichwa kilichovuka ukurasa mzima: DEWEY DEFEATS TRUMAN, yaani Dewey amemshinda Truman. Aliyeshinda ni Truman, rais aliyekuwa madarakani wa chama cha Democratic, kwa kura 303 za wajumbe wa uchaguzi (wanaomchagua rais kwa niaba ya majimbo) dhidi ya 189 za Dewey wa Republican, na 39 za Thurmond, mgombea wa tatu. Watu wengi wanakijua kichwa hicho. Wachache wanajua kwamba gazeti hilohilo, usiku uleule, lilitoa kichwa cha pili, na kwamba gazeti jingine la siku hiyo lilikosea kwa urefu zaidi. Kwa hiyo siku inatosha.

Wiki ya 2: kwa nini walikosea

Kichwa kilichokosewa kinachekesha kwa sekunde mbili. Mtu akielezwa jinsi kilivyopita mikononi mwa watu wazima wenye akili zao, anakaa nacho mpaka chai iishe. Wiki nzima imeenda hapa, na haikupotea.

Wapanga herufi wa magazeti ya Chicago walikuwa wamegoma tangu Novemba 1947, wakipinga sheria ya Taft–Hartley iliyobana vyama vya wafanyakazi. Hao ndio waliokuwa wakiendesha mashine za Linotype, zinazoyeyusha risasi na kutoa mstari mzima wa herufi kwa mkupuo. Bila wao gazeti lilichukua njia ya mzunguko: habari inapigwa taipu, vipande vya karatasi vinapangwa kuwa ukurasa, ukurasa unapigwa picha, picha inachongwa kwenye bamba, bamba ndilo linalochapa. Kila hatua ina saa zake. Matokeo yake gazeti lilibidi liende mtamboni saa kadhaa mapema kuliko kawaida, wakati hata majimbo ya mashariki yalikuwa hayajatoa hesabu ya maana.

Mhariri aliyebanwa na saa hutegemea mtu anayejua, naye aliyejua ni mwandishi wao wa Washington, Arthur Sears Henning, aliyekuwa na sifa ya kubashiri vizuri. Akasema Dewey. Na kusema kweli, kila mtu alikuwa akisema Dewey. Mpima maoni Elmo Roper aliacha kupima mnamo Septemba kwa kuona hakuna cha kupima tena. Gallup naye aliishia Oktoba, na hesabu yake ya mwisho ikampa Dewey asilimia 49.5 na Truman 44.5. Kura halisi: Truman karibu 49.5, Dewey 45 na ushee. Nambari zilikuwa sawasawa, majina ndiyo yaliyokaa vibaya. Mstari huo umeingia kwenye bango kama ulivyo, kwa sababu hauhitaji mchekeshaji.

Usiku ulivyosogea hesabu zikaanza kukaribiana. Henning akashikilia palepale. Habari iliyo chini ya kichwa ikaandikwa upya, uzito ukahamia kwenye kura za mitaani kwao, lakini kichwa kikaachwa kama kilivyo. Kwa njia ile ya mabamba, kubadili kichwa si kutoa mstari mmoja wa risasi na kuingiza mwingine. Mpaka kilipobadilishwa, nakala kama 150,000 zilikuwa zimechapwa. Tena katika haraka hiyo mistari kadhaa ya habari yenyewe ilitoka juu chini, kwa hiyo msomaji wa Chicago alikuwa na gazeti ambalo kichwa chake kimesimama wima na kinasema uongo, huku baadhi ya maneno ya chini yamesimama kwa kichwa.

Jambo la saa lilituletea kosa la kwanza kwenye rasimu. Novemba Chicago iko nyuma ya Uganda kwa saa tisa, kwa saa za leo. Saa mbili usiku ya Chicago ni saa kumi na moja alfajiri Malaba. Rasimu ilikuwa na mshale wa wakati ambao saa zake zilibadilishwa mara mbili: mara moja kutoka saa za Kizungu kuwa za Kiswahili, kisha mwingine akaona "saa 2", akadhani bado ni ya Kizungu, akaigeuza tena ikawa saa nane. Dewey akawa ameshinda katikati ya mchana kabla vituo havijafungwa. Dawa yake: usiandike kamwe saa bila neno la wakati. "Saa 2 usiku, Chicago" haigeuziki. Luganda nacho huhesabu hivyohivyo, ssaawa bbiri, kwa hiyo msomaji wa kwetu hana shida. Shida iko kwa anayenakili.

Wiki ya 3: kukitoshesha kichwa

Kipimo ni kile cha zamani cha wahariri wa vichwa. Kwa herufi kubwa kila herufi ni 1, ila I ni nusu, M na W ni moja na nusu, na nafasi kati ya maneno ni nusu. Kwa hesabu hiyo DEWEY DEFEATS TRUMAN ni 20.

Upana wetu: A2 iliyolazwa ina milimita 594. Toa 20 kila upande, zinabaki 554. Ili mtu asome kutoka meza ya mbali ya kibanda cha chai, mita nne na nusu, herufi zinahitaji kimo cha milimita 36 hivi, yaani 8 kwa kila mita. Herufi nene tuliyoichagua ina upana wa wastani wa 0.7 ya kimo chake. Gawanya, unapata nafasi 21 na pumzi kidogo. Karatasi ikisimamishwa zinabaki 15, na Truman anakatwa miguu.

Hapo ndipo Kiswahili kilipoanza kujitetea. DEWEY AMEMSHINDA TRUMAN ni 23 na nusu, hakiingii. Lakini magazeti yetu hayasemi "amemshinda". Lugha ya vichwa ina wakati wake, ule wa -a-: Rais atangaza, polisi wanasa, moto wateketeza. Ukiondoa -me- unapata AMSHINDA, na kichwa chote kinakuwa 21 kamili. Hakuna anayezungumza hivyo akinunua nyanya, ila ukutani kila mtu anakielewa.

Kabla ya kutulia hapo tulipima maneno mengine. AMGARAGAZA ni tamu lakini inarudi kwenye 23 na nusu. AMLAZA inatosha, 19 na nusu, ila inanuka uwanja wa mpira, na mtu akiisoma vibaya Truman yuko wodini. AMBWAGA ina herufi saba tu dhidi ya nane za AMSHINDA, lakini M na W zake zinarudisha hesabu ileile ya 8. Hesabu ya herufi peke yake ingetudanganya. AMPIGA ndiyo fupi kuliko zote, kichwa kizima 19, na ndiyo iliyotupa jaribio zuri. Ilipobandikwa kwa penseli, msomaji wa kwanza aliuliza: "Mzee, huyu Dewey alimpigia nini mwenzake?" Haikurudi tena.

Kati ya AMBWAGA na AMSHINDA tulichukua ya pili. Kubwaga kuna mbwembwe, na kichwa cha Tribune hakikuwa na mbwembwe hata chembe. Ule uhakika mkavu ndio unaochekesha. Ukiutia viungo unaua mzaha.

Wiki ya 4: kichwa cha pili, cha tatu, na kunguru

Toleo lililofuata la Tribune lilibadilisha kichwa kuwa DEMOCRATS MAKE SWEEP OF STATE OFFICES. Ni njia ya heshima ya kutoka mlangoni kinyumenyume: hakimtaji Dewey, hakimtaji Truman, kinazungumzia mambo ya nyumbani Illinois, ambako kweli Adlai Stevenson alikuwa amechukua ugavana. Kugeuza kichwa hiki kulikuwa na mitego mingi kuliko kile maarufu. Ukienda neno kwa neno unapata wanademokrasia wanaofagia ofisi za serikali, picha nzuri ya watu wenye mifagio na ndoo alfajiri. "State" hapa ni jimbo, "offices" ni vyeo, na "sweep" ni kuzoa. Kisha "jimbo" nalo likaleta la kwake: mpakani wengi wanalisikia kama jimbo la uchaguzi la mbunge mmoja. Tukaongeza jina. WADEMOKRATI WAZOA VYEO VYA JIMBO LA ILLINOIS ni nafasi 40 na nusu, na kwa herufi za nusu kimo tuna 42. Kinasomeka kwa mita mbili na kidogo, inatosha, kwa sababu aliyekicheka cha kwanza atasogea.

Kwa upande wa Uganda kuna tahadhari moja zaidi. Ukiandika "Chama cha Democratic" bila kusema cha Marekani, mtu wa Tororo anafikiria DP, Democratic Party ya Uganda. DP yetu ilianzishwa 1954, miaka sita baada ya usiku huo, kwa hiyo haihusiki, lakini bango halina nafasi ya kujitetea. Tarehe na "Marekani" zimewekwa juu kabisa, kabla ya kichwa.

Cha tatu ni cha Journal of Commerce, gazeti la wafanyabiashara, ambalo siku hiyo lilikuwa na makala nane kuhusu mambo ya kutarajia kutoka kwa Rais Dewey. Kichwa chake kilienea safu tano: "Dewey Victory Seen as Mandate to Open New Era of Government-Business Harmony, Public Confidence". Maneno 14. Kwa Kiswahili yakawa 20: "Ushindi wa Dewey waonekana kuwa idhini ya kufungua enzi mpya ya maelewano ya serikali na wafanyabiashara, na imani ya umma". Tulijaribu kukifupisha, tukaacha. Urefu wake ndio kosa lenyewe: Tribune lilikosea kwa maneno matatu, hili lilikosea kwa sentensi inayohitaji kupumua katikati. Tena angalia hilo "waonekana". Unaonekana na nani? Ushindi wenyewe haukuwapo, lakini kuna mtu ameuona tayari na ameshauelewa maana yake.

Pembeni tuliweka wachambuzi wa siku ileile. Drew Pearson alikuwa na safu iliyowaeleza wasomaji kuhusu kundi la watu wa karibu wa Dewey watakaoingia Ikulu. Makala za namna hii huandikwa kabla, na Jumatano hiyo zilitoka kama zilivyoandikwa.

Kona ya chini kulia ina kunguru. Washington Post lilimpelekea Truman telegramu ya kumwalika kwenye karamu ambapo wachambuzi na wapima maoni wangekula kunguru, yeye akiandaliwa bata mzinga. Kula kunguru kwao ni kukiri kosa kwa aibu. Kwetu msemo huo haupo, na Kampala, mji wenye makalooli, wale korongo wakubwa, wanaotembea kwenye majaa kama mawakili waliovaa koti, mtu akitafuta ndege wa adhabu hataishia kwa kunguru. Kiswahili kina "kula matapishi yako", kikali zaidi na kisichofaa mbele ya chai. Tumeacha kunguru, na neno la maelezo: "waliokosea walipangiwa kunguru, aliyeshinda bata mzinga". Truman alikataa mwaliko kistaarabu.

Wiki ya 5: Nasser Road

Nakala 40 za A2 na 3 za A3. Kwa idadi hii usiende ofseti, gharama ya mabamba inameza kazi yote. Mashine ya leza inatosha. Ile ya kupuliza wino ni rahisi zaidi kwa A2 lakini wino wake huvuja gundi ikigusa, kwa hiyo haifai kwa ukuta. Leza nyingi za mtaani zinaishia A3. Tulichapa nusu mbili, na kiungo kikapita kati ya herufi mbili, si katikati ya herufi. Karatasi ya gramu 80 ilionyesha ukuta kwa nyuma pale palipokuwa na weusi mwingi, tukapanda hadi 120.

Kosa kubwa la wiki lilikuwa la herufi. Faili ilifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na ile herufi nene, programu ikaweka nyingine pana zaidi bila kuuliza, na TRUMAN akaanguka mstari wa pili, nyuma ya meza ya kunguru. Juu kikabaki DEWEY AMSHINDA, bila kusema nani. Nakala ya majaribio ilisaidia. Bila hiyo zingetoka zote 40 hivyo. Kabla ya kupeleka faili, geuza vichwa vyote viwe michoro, usiache herufi hai hata moja. Pia acha milimita 3 za ziada kila upande, kwa maana kisu cha kukatia hakijali ukingo wako.

Picha ya Truman akiwa ameliinua gazeti lile kwenye kibaraza cha nyuma cha behewa, St. Louis, Novemba 4, haimo. Ni ya wakala wa habari na ina wenyewe. Tumeacha fremu tupu yenye mstari wa maelezo.

Wiki ya 6: ukutani

Utepe wa plastiki haukushika hata siku moja. Ukuta wa kibanda una chokaa, na chokaa humeguka pamoja na utepe. Gundi ya unga ndiyo jibu: kikombe kimoja cha unga wa ngano, koroga na kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimina kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka, koroga dakika tatu hadi iwe nzito na kung'aa, acha ipoe. Ukianza na maji ya moto mabonge hayatoki tena. Piga mswaki ukuta kwanza kutoa vumbi, paka ukuta, kisha mgongo wa karatasi, anzia katikati kwenda pembeni. Nakala mbili za mwanzo zilijaa mikunjo kwa sababu zilibandikwa papo hapo; karatasi ikishalowa iache dakika mbili itanuke, ndipo uibandike.

Jambo ambalo halikupangwa: fremu tupu. Watu walianza kusimama mbele yake wakiomba wapigwe picha, na mara nakala za A3, ambazo zilikuwa za kusomea mezani, zikaanza kuinuliwa juu kwa mikono miwili kama Truman. Hii ni bora kuliko picha tuliyoikosa. Fremu imeshushwa hadi kimo cha mabega ya mtu mzima, sentimita 140 kutoka sakafuni, na mstari wa maelezo umehamia pembeni ili usifunikwe na mgongo.

Yaliyobaki

Maneno "kura za wajumbe wa uchaguzi" yanaulizwa kila siku. Nafasi ya mistari minne itatolewa kwenye makala nane za Journal of Commerce. Kwa bango la pili, tunataka siku ya gazeti la hapa. Gazeti la Uganda Argus lilianza 1955, likawa Voice of Uganda wakati wa Amin, kisha Uganda Times, na 1986 nafasi yake ikachukuliwa na New Vision, kwa hiyo anayetafuta katika maktaba atafute kwa majina yote, la sivyo atadhani miaka mingine haikuwa na habari.

Nakala mbili za A3 zimevuka mpaka na malori. Iliyobaki itafunikwa plastiki ngumu na kutobolewa kona ya juu, kisha ifungwe kwa kamba kwenye nguzo ya kibanda, kamba ya mita moja na nusu, iweze kuinuliwa juu ya kichwa.